Zisafishe Zote

"Tangu niishike bisibisi, sijampotezea mteja hata nukta," alisema Amjad, na kwa kuwa aliyasema hayo Mlandege, mchana, duka limejaa watu, hapakuwa na wa kumbishia. Lililomjibu ni jenereta lililokuwa likinguruma kizingitini. Ulikuwa ule mwezi wa mwaka 2008 ambao Unguja nzima ilikaa bila umeme. Mafundi wenzake wa kompyuta walifunga milango wakaenda kulala. Amjad alikodi jenereta, akalifunga mnyororo kwenye nondo ya dirisha kama mbuzi wa Idi, akaendelea kujisifu.

Safari hii aliyekuwa akisikilizishwa sifa hizo ni Mmanga, mtu wa Tumbatu aliyehamia Bububu na kufungua uwanja wa kuuzia boriti. Mikono yake ilikuwa na makovu ya magome hadi viwikoni, na laptopu aliyoileta ilionekana ndani ya mikono hiyo kama kipande cha mkate. Ilikuwa ya marehemu mdogo wake, Kheir, aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Nungwi hadi siku vespa ilipomtupa chini ya lori, miezi sita nyuma. Sasa ikitumiwa na Bashira, bintiye Mmanga, mwanafunzi, na Bashira alikuwa na lalamiko moja tu: ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukavaa, ukachana nywele, na yenyewe bado inafikiri.

Amjad aliigeuza, akafungua skrubu mbili, akaichomoa hadi diski na kuinyanyua juu ili hata waliokuja kupiga fotokopi waione. Akaeleza kwamba ndani ya kibati kile mna sahani inayozunguka, na kila kitu cha mtu kimeandikwa juu ya sahani hiyo. Hii ya marehemu inazunguka kama pangaboi la ofisi ya serikali. Atatia nyingine yenye mwendo karibu mara mbili ya hii, atahamishia kila kitu, na huyo Bashira hatapata hata nafasi ya kupiga mwayo. Diski kuukuu itabaki dukani, ndivyo desturi, na bei itapungua kwa sababu hiyo. Watu wakacheka. Mmanga hakucheka. Alikuwa akingojea kelele zipungue aseme alilotumwa.

"Mle mna picha za marehemu," alisema, akiinamia kaunta ili jenereta lisimmeze sauti. "Mama kanituma. Zisafishe zote, usibakishe hata moja."

"Hiyo ndiyo kazi yangu," Amjad akasema, akamwandikia risiti.

Kwenye meza ya pembeni alikuwepo Wafaa, mkewe, ambaye kazi yake dukani mle ilikuwa kuwachapia watu barua na maombi ya kazi. Mmanga alipoondoka tu, alimuuliza mumewe yule bwana alikuwa na maana gani. Amjad alimjibu kwa subira ya mtu anayemwelewesha mtoto. Hao ni watu wa dini. Hata baba yake yeye Amjad, marehemu Zahran, aliacha wasia picha zake zichomwe kabla maiti yake haijatiwa maji, kwani nyumba yenye picha malaika hawaingii. Bi kizee hataki kuzikuta, basi. Wafaa akasema kupiga simu si kazi, amuulize mwenyewe anataka zifanywe nini.

"Mie siulizi wateja," Amjad akasema. "Wateja ndio wanaoniuliza mie."

Kesho yake alihamisha kila kitu: madaftari ya Bashira, nyimbo, mitihani ya miaka iliyopita. Picha alizifungua mojamoja, kwa udadisi tu, na Wafaa alikuwa amesimama nyuma yake. Zilikuwa mia tatu na kitu. Kheir na shati jeupe la hotelini. Kheir na watalii wenye pua nyekundu. Kheir na mama yake siku ya Idi, anamlisha tambi kwa mkono. Kheir amejitanda taulo kama mwanamke, anacheka hadi macho hayaonekani. Wafaa alisema kijana alikuwa na sura nzuri. Amjad akasema ndiyo hiyo isiyotakiwa, akaziacha zilipo, kwenye diski kuukuu.

Na kwa kuwa diski ile ingeuzwa kwa mtu mwingine, hakuifuta kwa kubonyeza tu. Alikuwa na programu yake aliyojivunia, isiyofuta bali inayoandika upuuzi juu ya sahani nzima, mwanzo hadi mwisho, kisha ikarudia tena, na tena, mpaka mara saba. Kilichopitiwa na programu ile hakirudi, hata ukiita fundi wa Japani. Kazi ilikula madumu mawili ya petroli. Amjad aliikagua diski ilipokwisha, akaikuta tupu kabisa, akafurahi.

Jumanne Mmanga alikuja na mama yake. Bi Mize alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, buibui lake limepauka mabegani, na alitembea ameushika mkono wa mwanawe kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Amjad alimwamkia shikamoo, akapewa marahaba, akampisha kiti chake mwenyewe. Halafu akaiwasha laptopu mbele yao. Hata hesabu ya ishirini haikutimia, ilikuwa imeshafunguka, na Mmanga, kwa mara ya kwanza tangu aijue njia ya duka lile, akaonyesha meno.

Bi Mize hakuitazama mashine. Alikuwa akipekua kikapu chake. Akatoa albamu mpya, kubwa, yenye mawaridi juu ya jalada na karatasi ya bei imebanduka nusu. Akaiweka mapajani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaupangusa kwa ncha ya buibui.

"Ziwapi, mwanangu?" akauliza. "Nimeinunua kubwa. Mmanga kasema ziko nyingi."

Wafaa ndiye aliyeelewa kwanza. Alikumbuka utotoni kwao, baba yake akitoka na mkanda wa kamera kwenda studio ya Muhindi, anasema anakwenda kuzisafisha picha, na baada ya siku tatu anarudi na bahasha, picha zimo, zinanukia dawa. Kwa Mmanga na mama yake, kusafisha picha ni kuzichapa kwenye karatasi. Hawajapata kulijua neno jengine. Ni watu wa kompyuta tu ndio wanaosafisha kwa maana ya kufuta. Wafaa akajiziba mdomo kwa kiganja.

Amjad alikuwa bado. Aliiona albamu kama alivyoiona kaunta. Ulimi wake siku zote ulitangulia masikio yake, na mbele yake alikuwepo bibi wa kuchekeshwa.

"Zimesafishika, bi mkubwa," akasema. "Nimezipitia mara saba, kama sahani iliyorambwa na mbwa. Umebaki udongo tu."

Hakuna mtoto wa Unguja aliyekaa chuo cha Kurani akakosa kufundishwa hilo. Chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba huwa kwa udongo. Bi Mize alilijua kabla babake Amjad hajaoa. Alibaki na ule ukurasa mtupu mapajani, mkono wake umesimama juu ya nailoni.

"Umezifanya nini?" Mmanga akauliza taratibu.

"Nimezifuta. Si ndivyo ulivyoniagiza?"

"Picha za Kheir?"

"Zote." Na hapo ndipo Amjad alipoiona albamu sawasawa, lakini tabasamu lilikuwa halijamtoka usoni.

"Na mbwa ni nani, fundi?"

Mmanga alimshika kifundo cha mkono wa kulia, akaulaza mkono ule juu ya kaunta kama anavyoilaza boriti anayotaka kuipima, akaliokota komeo la chuma la mlango, akapiga. Kilisikika kitu kama muwa unaovunjwa kwa goti. Akapiga tena. Waliokuja kupiga fotokopi walitoka kwa mkupuo, mmoja akaacha kiatu. Wafaa aliruka akamng'ang'ania Mmanga shati kwa nyuma. Alitikiswa mara moja tu, akaangukia meza yake, akaenda chini pamoja na printa. Mmanga akamvuta Amjad juu ya kaunta kwa ukosi, akamtupa sakafuni, akampiga teke la mbavu, la pili la tumbo, la tatu la mdomo. Laptopu, pamoja na diski yake mpya yenye mbio, akaibamiza ukutani hata herufi zikaruka kama mbegu za papai.

"Basi, Mmanga," Bi Mize akasema. "Twende."

Mmanga akaacha pale pale. Akaliweka komeo mahali alipolitoa, akamsaidia mama yake kusimama. Albamu waliondoka nayo.

Amjad alirudi kwao Kiponda na plasta hadi kiwikoni. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjika, kimoja katika pingili mbili, na daktari alimwambia bisibisi asahau kwa muda, hakusema muda gani. Chini, kwenye chumba cha mbele, alikuwa akimngojea Thuwaini.

Thuwaini alikuwa kaka yake mkubwa, fundi magari wa Saateni, mtu wa maneno machache na mabega mengi. Zahran alipofariki, Amjad alikuwa na miaka tisa, na Thuwaini ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha, akamlipia kodi ya mwanzo ya lile duka. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu kisha akataka kuambiwa yote, tangu mwanzo.

Amjad akasimulia vizuri, kama kawaida yake. Alisimulia Mmanga alivyokuja, alivyosema zisafishe, na yeye, kwa uaminifu wa kazi, alivyosafisha. Akasimulia kiti alichompisha bibi. Akasimulia komeo. Aliigiza hata sauti ya vidole. Alipofika pale katikati, baina ya albamu na komeo, aliruka kama mtu anayeruka dimbwi na kanzu nyeupe.

"Wewe ulimwambia nini?" Thuwaini akauliza.

"Sikutamka neno, Kaka. Nimempa mamaake shikamoo na kiti. Basi."

Wafaa alikuwa akiingia na sinia. Alisita, vikombe vikagongana, akaliweka sinia akatoka. Amjad alimfuata jikoni. Huko Wafaa alimwambia kwa sauti ya chini amweleze nduguye na yale mengine, kwani anavyomjua Thuwaini, atakwenda kuua mtu kwa hadithi nusu. Amjad akamwambia hakusikia kitu, jenereta lilikuwa likinguruma. Wafaa akasema kasikia, na kila neno kalisikia, na lau angekuwa yeye ndiye mwenye kufiwa, angelichukua lile komeo mwenyewe.

Amjad alimpiga kofi kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa kofi la kwanza katika miaka minne ya ndoa, na lilimfikia sawasawa. Wafaa akagonga kichwa kwenye rafu, sufuria mbili zikamwangukia. Mtu mzima alikuwa ametoka tu kulia hospitali kwamba hana tena mkono wa kufanyia kazi. Kumbe alikuwa nao mwingine, mzima, mwepesi.

"Hukusikia," akamwambia.

Sasa mambo yalikuwa mepesi, ndivyo Amjad alivyojipangia. Lile neno walilisikia watu watatu; wale wa fotokopi jenereta liliwaziba masikio. Mmanga angelisema, nani angemwamini mtu aliyevunja mkono wa watu? Bi Mize yuko Bububu. Wafaa yuko jikoni. Likikaa walipo hao, yeye ni mtu aliyeonewa, na kaka yake ni kaka yake. Likitoka, Thuwaini, aliyemkamata sikio kila Ijumaa kwa kufanyia watu mzaha, asingemtazama tena usoni. Hakuomba kitu chengine ila lisitoke.

Thuwaini hakutaka habari za polisi. Baada ya adhuhuri ya siku ya pili alitoka gereji na vijana wake wawili, Usi na Hamad, na spana ya matairi chini ya kiti cha gari. Akampitia Amjad. Amjad akasema anaumwa. Thuwaini akamwambia hatakwenda kupigana, atakwenda kumwonyesha mtu, ili asije akampiga asiye wake.

Walipita Mtoni, Thuwaini ameshika usukani kwa mikono miwili. Mara mbili Amjad alifungua mdomo, mara mbili akasema jambo jengine. Mara ya kwanza kuhusu joto, mara ya pili kuhusu breki.

Mmanga alikuwa peke yake uwanjani, anapanga boriti, kifua wazi. Amjad akanyoosha plasta, akasema ndiye yule. Thuwaini alishuka, akamwendea, wala hakumtukana. Alimuuliza kama yeye ndiye Mmanga, na Mmanga akasema ndiye. Spana ilimpata begani. Mmanga alikamata boriti fupi, akamchoma nayo Hamad tumboni, akamlaza. Lakini Usi alikuwa ameshamzunguka na kumpiga nyuma ya magoti, akaenda chini kwenye maganda ya miti. Hamad akainuka, na hapo walimpiga watatu. Walimpiga kama watu wanaotwanga, kwa zamu, bila hasira, mpaka mchanga ukawa na rangi nyengine.

Amjad aliyaona haya kwa kioo cha mbele. Alimwona Mmanga akinyanyua kichwa, akimtafuta Thuwaini kwa macho.

"Kakwambia alichosema?" Mmanga akasema, mdomo umejaa damu. "Muulize nduguyo alichomwambia mamaangu."

Thuwaini akasita. Spana ilikuwa juu. Akageuka kulitazama gari, na Amjad, ambaye angeweza hata kutikisa kichwa tu, akainama, akapandisha kioo cha mlango kwa mkono wa kushoto, polepole, maana kilikuwa kizito. Thuwaini akageuka tena. Pigo lile moja lilichukua taya na jicho.

Siku ya nne yake, baada ya alasiri, palipigwa hodi Kiponda. Thuwaini alifungua mwenyewe, akamkuta mlangoni mwanamke mdogo, kaushika ukuta. Hakumjua. Akamwamkia shikamoo.

"Marahaba," Bi Mize akasema. "Mie mamaake Mmanga."

Thuwaini akampisha. Amjad alikuwa amekaa kitandani kwenye chumba kile cha mbele, mkono juu ya mto. Hakuwa na pa kwenda, mlango wa nje ulikuwa mmoja. Bi Mize akakaa, akapumzisha magoti, akaeleza bila kupandisha sauti. Jicho la Mmanga limekwenda, madaktari wameshasema. Taya limefungwa kwa waya, anakula kwa mrija, hasemi. Polisi wamemfuata wodini mara mbili kutaka majina, na yeye, mama, hakuwapa. Hakuwapa kwa sababu kwanza alitaka kuja hapa.

"Nilikuwa na wawili," akasema. "Mmoja kauliwa na lori, na lori halina akili. Wewe una akili. Nimekuja kukuuliza, mwanangu ulimpiga kwa lipi?"

Thuwaini akajibu kwa adabu, macho chini. Akasema ndugu yake anakula kwa mkono ule. Akasema makosa ya neno humpata kila mtu, na picha ni picha, hata ziwe za nani. Mtu havunjwi mkono kwa picha.

"Havunjwi," Bi Mize akasema. "Kwa picha Mmanga angelia, tukenda zetu. Hakumvunja kwa picha. Mwambie nduguyo akwambie alichoniambia."

Thuwaini akageuka. Amjad akasema alichomwambia ni kwamba zimesafishika. Thuwaini akauliza na nini tena. Amjad akasema basi.

"Basi?" Thuwaini akamuuliza Bi Mize.

"Mie silirudii. Si neno la kulitia kinywani na mwanangu yuko kaburini. Akitaka, aliseme aliyelitunga."

Amjad alipumua kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe. Mmanga kafungwa waya. Bi kizee hatasema. Akaupanga upya mkono wake juu ya mto, akaanza hata kuutengeneza uso wake wa mtu aliyeonewa, na karibu ungekamilika.

"Mara ngapi?"

Alikuwa Wafaa. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, mtandio umemshuka, na shavu lake lilikuwa bado lina rangi ya bilingani. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Thuwaini.

"Mara ngapi nini?" Thuwaini akasema.

"Muulize alimwambia kazisafisha mara ngapi. Mie nilikuwepo, Shemeji. Nilikuwa karibu naye kuliko ulivyo wewe sasa."

"Wafaa," Amjad akasema.

"Mara ngapi?" Thuwaini akamuuliza.

Amjad alisema programu ndivyo ilivyo, ina hesabu yake, waliyoiweka wenyewe walioitengeneza. Thuwaini akamuuliza tena, kwa sauti ile ile.

"Saba."

Thuwaini hakuuliza mara saba kama nini; na yeye alikaa chuoni. Alilitazama lile shavu la Wafaa, akaitazama plasta, akatazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na mafuta ya gari kwenye kucha ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Amjad akainua mkono mzima kuukinga uso. Hakuguswa.

Thuwaini alikaa chini, sakafuni, mbele ya miguu ya Bi Mize. Akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, Thuwaini bin Zahran bin Hamad, polepole, kama mtu anayeandikisha mtoto chuoni, akamwambia alishike vizuri ili asikosee atakapolitaja kituoni. Akamtajia na gereji ilipo.

Bi Mize akayarudia majina yale matatu, akauliza na la huyu wa kitandani.

"Huyo ana ulimi," Thuwaini akasema. "Atajitaja."